Kuchelewa, Kusinzia, Utoro na Ukaidi: Afya ya Mwanafunzi wa Sekondari

Mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania huanza kidato cha kwanza akiwa na umri wa miaka 13 au 14 na humaliza kidato cha nne akikaribia miaka 18. Miaka hiyo yote imo ndani ya rika balehe, ambalo Shirika la Afya Duniani (WHO) hulihesabu kuanzia miaka 10 hadi 19. Mifupa hurefuka, damu huongezeka, ubongo hujipanga upya, na hisia hupanda na kushuka. Hata hivyo, afya ya rika hili husahaulika kwa urahisi. Mtoto mchanga hupelekwa kliniki kila mwezi kupimwa uzito. Kijana wa kidato cha pili hana kliniki wala kadi, na maadamu anatembea hudhaniwa kuwa mzima.

Dalili za afya yake kuyumba huonekana kwanza darasani, na huko hupewa majina mengine. Daftari la mahudhurio na kitabu cha adhabu huandika kuchelewa, kusinzia, utoro na ukaidi. Mara nyingi kila moja ya makosa hayo lina chanzo mwilini au moyoni, na chanzo hicho kinaweza kuondolewa.

Kuchelewa

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), ulioanza mwaka 2004, ulieneza shule za kata na kuwafungulia mlango watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba. Kuanzia Januari 2016, ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa. Nyingi kati ya shule za kata ni za kutwa, na moja huhudumia vijiji kadhaa, hivyo siku ya mwanafunzi huanzia njiani.

Kijana wa umri huu anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Akitakiwa kuwa mstarini saa 1 asubuhi na njia ni ya mwendo wa saa moja na nusu, hana budi kuamka saa 10 na nusu alfajiri ili ajiandae na kuondoka saa 11 na nusu. Ili atimize saa 8 za usingizi, ingempasa awe amelala saa 2 na nusu usiku, wakati ambapo katika nyumba nyingi vyombo bado havijaoshwa na daftari halijafunguliwa. Zaidi ya hayo, mtu anapobalehe, melatonini, homoni inayoleta usingizi, huanza kutolewa usiku wa baadaye kuliko alipokuwa mdogo. Kijana anayekawia kulala na kuamka kwa shida anafuata mwili wake.

Mjini umbali ni mfupi lakini usafiri ni mgumu, kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo na baadhi ya makonda wa daladala humwacha kituoni. Msichana anayechelewa kila siku hushawishika kupokea lifti za bure za bodaboda, na lifti hizo huweza kugeuka deni la aibu. Hosteli karibu na shule, baiskeli, makubaliano na wasafirishaji na kengele ya kwanza inayozingatia wanaotoka mbali hupunguza hatari hizo kuliko fimbo ya getini. Katika shule za bweni dawa ni kuzima taa mapema. Prepo (kipindi cha kujisomea) ya alfajiri inayokatiza usingizi huharibu kazi ya prepo ya jioni, kwa sababu ubongo huhifadhi aliyojifunza mtu wakati amelala.

Kusinzia

Mwanafunzi anayesinzia kipindi cha saa 6 mchana huenda amelala vya kutosha lakini hana damu ya kutosha. Madini ya chuma hutumika kutengeneza himoglobini, inayobeba oksijeni katika damu. Balehe huongeza mahitaji ya chuma kwa wote, na msichana hupoteza damu nyingine kila mwezi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Dalili zake ni uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio kwa kazi ndogo, na weupe ndani ya kope na viganjani. Malaria, kichocho na minyoo huzidisha tatizo.

Tiba huanzia jikoni. Mwanafunzi aliyetoka nyumbani bila kifungua kinywa, akanunua andazi au muhogo wa kukaanga mapumziko ya saa 4, hawezi kusoma hadi jioni. Uji asubuhi na makande mchana hubadilisha siku nzima. Maharage, kunde, mchicha na dagaa vina chuma. Tunda lenye vitamini C, kama pera, chungwa, embe au ubuyu, husaidia mwili kukifyonza, na chai inayonywewa pamoja na chakula hukizuia. Kwa hiyo ni vyema chai ikae mbali na sahani ya maharage. Pale ambapo upungufu wa damu umefikia asilimia 20 au zaidi, WHO inashauri wasichana wanaopata hedhi wapewe kila wiki kidonge chenye miligramu 60 za chuma na miligramu 2.8 za foliki asidi. Katika shule za kutwa chakula hutegemea sana michango ya wazazi, hasa mahindi na maharage, na ni wajibu wa kikao cha wazazi kuamua mapema namna ya kumlisha mtoto wa asiye nacho bila kumtenga na wenzake.

Utoro

Daftari la mahudhurio likionyesha kuwa msichana hukosa siku mbili au tatu kila mwezi, pa kuangalia kwanza ni chooni. Kiwango cha Tanzania ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Foleni ikiwa ndefu, mlango hauna komeo na maji hayapo, wanafunzi huacha kunywa maji na kubana mkojo. Matokeo yake ni maumivu ya kichwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Msichana aliye katika hedhi huona heri abaki nyumbani.

Anachohitaji ni taulo za kike, chumba cha kujistiri chenye maji na sabuni, mahali pa kutupa taulo zilizotumika, na mwalimu wa kike anayeweza kumwendea bila kuona haya. Serikali ya Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018 na kuirudisha mwaka uliofuata. Kenya mwaka 2017 ilitunga sheria ya kuzigawa bure kwa wanafunzi. Maumivu ya hedhi yanayomlaza mtu kila mwezi yapelekwe kwa mganga, kwani yana tiba.

Utoro huweza pia kumkosesha msichana kinga ya umri huu isiyopaswa kupotea. Chanjo dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi, ilianza kutolewa nchini kote Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Aliyeingia kidato cha kwanza bila kuchanjwa yuko ukingoni mwa nafasi hiyo, na shule ndiyo inayoweza kumtambua kwa wakati.

Ukaidi

WHO inakadiria kuwa kijana mmoja kati ya saba wenye miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Sonona kwa kijana haionekani kila mara kama machozi. Huonekana kama hasira ya haraka, kujitenga, alama kushuka ghafla, kuacha michezo aliyoipenda, au maumivu ya tumbo yasiyo na ugonjwa. Nyuma yake huweza kuwapo msiba, njaa, unyanyasaji, mimba, au hofu ya mtihani wa taifa.

Tabia hizo mara nyingi hujibiwa kwa fimbo. Nchini Tanzania, kanuni za mwaka 2002 za adhabu ya viboko shuleni huruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, vinavyotolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Fimbo haimwambii mwalimu kwa nini mtoto amebadilika. Kazi hiyo ni ya mwalimu wa malezi na ushauri nasaha, na haifai apewe mwalimu wa nidhamu, kwa kuwa mwanafunzi hawezi kumfungulia moyo yule anayemwadhibu. Mwalimu wa malezi apewe chumba, muda katika ratiba, na njia ya kumpeleka mwanafunzi zahanati au ustawi wa jamii.

Kenya kuna mfano wa kujifunza. Mradi uitwao Shamiri huwatumia vijana waliomaliza sekondari karibuni kuongoza vikundi vidogo vya wanafunzi kwa vikao vinne kuhusu kujiendeleza, shukrani na mambo wanayoyathamini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliohudhuria vikao hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Msaada wa kwanza, basi, si lazima usubiri daktari bingwa.

Msaada wa wenzake humfaa pia msichana aliyekatiza masomo kwa kujifungua, ambaye tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shule nchini Tanzania. Ruhusa hiyo hutimia pale tu walimu na wanafunzi wenzake wanapompokea bila kumsimanga. Mtoto asiye na wa kumwambia shida yake anaweza kupiga bure namba 116, simu ya huduma kwa mtoto.

Mengi kati ya haya yamo ndani ya uwezo wa mkuu wa shule, bodi ya shule na wazazi: saa ya kengele, sufuria ya uji, komeo la mlango wa choo, chumba cha mwalimu wa malezi. Kabla ya kitabu cha adhabu kufunguliwa, mwanafunzi na aulizwe amelala saa ngapi, amekula nini, anaumwa wapi na nani anamtisha. Adhabu ikitangulia maswali hayo, shule itakuwa imemwadhibu mgonjwa.