Tovuti imepambwa kama bibi harusi, wateja mbona hawaji?

Wiki hii tuzungumzie tovuti za biashara, zile ambazo mtu anatoa hela yake ngumu, anaipamba ikapambika, halafu anakaa kusubiri wateja mpaka shingo inamuuma.

Ninaye mshikaji wangu mmoja, ana duka dogo la viatu Kariakoo. Mwezi wa kumi na moja alichukua mshiko wa kununulia mzigo wa viatu vya shule, akampa fundi wa kompyuta amtengenezee tovuti. Hesabu zake zilikuwa hivi: Januari shule zikifunguliwa, simu haitatulia mfukoni. Januari ikaja, ikapita. Simu ikatulia ile mbaya.

Akanifuata kijiweni amenuna. "Mwanangu, hii kitu naiacha ife. Nimeliwa."

Nikamwambia subiri kwanza, tuifungue kwenye simu yangu, siyo yako. Tukaagiza kahawa. Lo! Kurasa ikaanza kushuka kama konokono mgonjwa. Kwanza likaja ghorofa la kioo la Ulaya huko. Kisha maua. Kisha maneno: "Karibu katika ulimwengu wa ubora usio na kifani." Kahawa ikaisha, kiatu sijakiona.

"Bei ziko wapi?" nikamuuliza.

"Si wanapiga simu?"

Nikabonyeza namba ya simu, haibonyezeki. Kumbe fundi kaichora ndani ya picha!

DOLA MILIONI 135 ZILIVYOYEYUKA

Usidhani mambo haya ni ya Kariakoo peke yake. Kule London, Uingereza, mwezi Novemba 1999 lilifunguliwa duka la kwenye intaneti lililoitwa Boo.com. Nao walikuwa wakiuza nguo za kisasa na viatu vya michezo. Tovuti yao ilikuwa bomba kwelikweli: bidhaa unaigeuza huku na huku, na kuna mrembo wa kuchora anakuongoza dukani. Tatizo ni kwamba miaka ile watu wengi majumbani walikuwa wanatumia intaneti ya waya wa simu, ya kasi ya kobe. Mteja anasubiri, anasubiri, anaondoka zake. Lilikuwa na matatizo mengine pia, matumizi ya fujo yakiwemo, lakini kusubirisha watu kuliliumiza sana. Mei 2000 likafungwa, na takriban dola milioni 135 za Marekani zilikuwa zimeshateketea.

Mwaka 2016 Google walitoa takwimu zao: kwenye simu, zaidi ya nusu ya wanaofungua tovuti, yaani asilimia 53, wanaondoka kama kurasa inachukua zaidi ya sekunde tatu kufunguka. Sekunde tatu! Hata kupiga chafya hujamaliza.

Sasa piga hesabu. Picha moja ya simu za siku hizi inaweza kufika MB 4. Ukiweka kumi zilivyo, umemla mteja MB 40 za bando lake kabla hujamuuzia kitu. Mwambie fundi azipunguze, kila moja isizidi KB 200. Hapo zote kumi ni MB 2, na kwenye kioo kidogo cha simu macho hayaoni tofauti.

NINI, BEI GANI, WAPI?

Mteja akiingia kwako ana maswali matatu: Unauza nini? Bei gani? Nakupata wapi? Yote yajibiwe pale juu, kabla hajaanza kusogeza kidole.

Ndugu yangu, achana na ule ugonjwa wa "bei njoo inboksi". Mnunuzi akiona hivyo anahisi unataka kumsoma uso kwanza ndipo umpangie bei. Anahamia kwa jirani yako aliyeandika.

Piga picha za mzigo wako mwenyewe, pale mlangoni penye mwanga. Ghorofa la Ulaya la nini? Piga na mbele ya duka, andika mtaa na alama ya karibu. Mjini matapeli wamejaa, na mtu anayetaka kukutumia hela kwa simu lazima ajiridhishe kwamba duka lipo kweli. Tena hakikisha tovuti ina ulinzi wa usimbaji, maana tangu mwaka 2018 Chrome inamwonya mgeni waziwazi kwamba tovuti isiyo nao si salama. Nani atanunua hapo?

AKUTAFUTE VIPI?

Hakuna mtu anayeandika Google "ubora usio na kifani". Anaandika "viatu vya shule Kariakoo". Basi maneno hayohayo yawepo kwenye kurasa yako, tena yawe maandishi, siyo yamefichwa ndani ya picha. Sajili duka lako kwenye ramani ya Google pia. Ni bure, na anayetafuta akiwa mjini anaweza kuletwa mpaka mlangoni.

ASIKIMBIE TENA

Kumleta mgeni ni kazi moja, kumfanya arudi ni nyingine. Tovuti yenye "Heri ya Mwaka Mpya" mwezi wa sita ni kama duka lenye vumbi kwenye kufuli. Tenga nusu saa kila wiki: kilichoisha kitoe, kilichoingia kiweke, bei iliyopanda ibadilishe. Mtu akifunga safari kutoka Mbagala kufuata kiatu ulichouza mwezi uliopita, hukumbuki kosa lako, lakini yeye atalikumbuka. Na akiandika swali mjibu siku hiyohiyo, hata kama jibu ni "hakuna".

Mshikaji wangu aliondoa maua, akaondoa ghorofa. Akaweka viatu kumi na viwili, kila kimoja na bei na namba zilizopo. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Nikaanza kumkwepa kijiweni.

Ya tatu akaja anacheka. Kuna mama alimpigia: "Kaka, vile vyeusi vya elfu ishirini na tano, namba 36 bado vipo?"

Bei hakuuliza. Alikuwa anayo tayari.

Mtaji wa Januari haujarudi wote, asikudanganye mtu. Lakini tovuti hajaiacha ife. Wewe wa kwako vipi? Ifungue leo kwenye simu ya mtu mwingine, kwa bando lake, halafu mwangalie usoni. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.