Umeme wa Angani (2): Hewa Ikipungua, Waya Unabaki na Nini?

Juma lililopita tulisema waya haukingwi na plastiki peke yake; hewa inayouzunguka nayo ni kinga. Leo tupande juu.

Ndege ndogo inayotoka upande wa Lulimba kwenda Bukavu ina milima ya Itombwe njiani, yenye vilele vinavyopita mita 3,000. Huko mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 70 ya ule wa usawa wa bahari. Zile kubwa zinazopita juu kabisa, kwenye mita 12,000, zimebakiwa na moja ya tano tu.

Elektroni inayovutwa na umeme hugongana na molekuli za hewa na kupunguzwa mwendo. Molekuli zikiwa chache, hupata nafasi ya kukimbia. Ikija kugonga, hung'oa elektroni nyingine, nayo ile hung'oa nyingine, mpaka cheche inaruka. Lakini hewa ikizidi kupungua, elektroni hukosa hata cha kugonga. Ndiyo maana kanuni ya Mjerumani Friedrich Paschen, ya mwaka 1889, ina kizingiti: kwenye hewa, chini ya volti 327 hivi, cheche hairuki hata upande wapi.

Hapo ndipo ndege za zamani zilipopona. Umeme wao ulikuwa volti 28, au 115 ambazo kilele chake hakifiki 165. Boeing 787 hutumia volti 230, kilele 325. Umeme ukitikisika kidogo tu, umevuka! Tena ina nyaya za volti 270 chanya na 270 hasi. Kati yake ni 540. Kipovu cha hewa chembamba kama unywele, kilichonaswa kati ya shaba na plastiki, kinatosha kuzaa vicheche visivyoonekana, na ozoni yake huila plastiki polepole.

Injini za pistoni zilionja balaa hili mapema. Magneto hutoa maelfu ya volti kwa ajili ya plagi. Juu sana, silinda ililishwa hewa iliyoshindiliwa na turbo, magneto ikabaki kwenye hewa nyepesi. Basi cheche ikaruka ndani ya magneto badala ya kwenye plagi, injini ikakohoa. Mafundi waliifunga magneto na kuipulizia hewa ya turbo hiyohiyo.

Waya mrefu haupuliziki. Kiwandani plastiki hubanwa juu ya shaba ili pasibaki kipovu, kisha kipande hutiwa kwenye chemba iliyonyonywa hewa na volti kupandishwa, vicheche vikitafutwa kwa vipimo kabla waya haujaona ndege.