Mtunza Vitabu vya Kijapani Chuoni, na Kazi ya Kusoma Majina

Katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani vinavyofundisha lugha na mambo ya Japani, huwako mtunza maktaba ambaye kazi yake hasa ni vitabu vya Kijapani. Watu wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni kupanga vitabu katika rafu na kuviazimisha tu. Sivyo. Yeye ndiye achaguaye vitabu, ndiye apatanaye na wauzaji wa Tokyo, na ndiye awafundishaye wanafunzi njia za kutafuta. Lakini iko kazi moja isiyoonekana, nayo ni mama wa zote: kusoma jina la mwandishi na jina la kitabu, na kuyaandika katika orodha ya maktaba hata mtu mwingine aweze kuyapata. Waswahili husema, "Mali bila daftari huisha bila habari." Kitabu ambacho jina lake limeandikwa visivyo kimo rafuni, lakini kwake akitafutaye ni kama hakimo.

Ili msomaji aelewe shida hiyo, yafaa kwanza tueleze maandishi ya Kijapani. Wajapani hutumia namna tatu za maandishi kwa pamoja. Mbili ni alama za silabi, hiragana na katakana. Katika kila moja alama za msingi ni 46, na kila alama ina sauti yake. Ya tatu ni kanji, yaani alama zilizotoka China, nazo kila moja ina maana yake. Orodha ya serikali ya mwaka 2010 ina kanji 2,136 za matumizi ya kawaida, na vitabu vya zamani vina nyingi zaidi. Shida haitoki katika wingi wake tu, bali katika usomaji wake. Kwa kuwa kanji moja huweza kusomwa kwa sauti iliyotoka China, na pia kwa neno la Kijapani lenye maana ileile, na mara nyingi kwa njia nyingine tena.

Katika maneno ya kawaida, msomaji huongozwa na maneno ya jirani. Katika majina ya watu hana kiongozi. Mathalani, liko jina la ukoo liandikwalo kwa alama ya "kati" na alama ya "shamba la mpunga": ukoo mmoja husema Nakata, na mwingine husema Nakada. Alama ya "mashariki" ikiwa jina la ukoo husomwa Higashi au Azuma. Jina la mwanamke liandikwalo kwa alama ya "utele" na ya "mtoto" laweza kuwa Yuko, laweza kuwa Hiroko, wala hakuna kanuni ya kuamua. Huyu aliitwa hivi na wazazi wake, na yule aliitwa vile. Basi mtunza maktaba akikisia, aweza kuwachanganya wanawake wawili wakawa mmoja, au kumgawanya mmoja akawa wawili.

Hata watu mashuhuri hawakuepukana na jambo hili. Hara Takashi, aliyekuwa waziri mkuu tangu mwaka 1918 hata alipouawa mwaka 1921, aliitwa pia Hara Kei, kwa sababu alama ya jina lake husomwa kwa njia hizo mbili. Tena kuna majina ya kalamu. Natsume Soseki, mwandishi wa hadithi aliyezaliwa mwaka 1867 na kufa mwaka 1916, jina lake la kuzaliwa lilikuwa Natsume Kinnosuke. Na Wajapani wakimtaja kwa ufupi husema Soseki, wala hawasemi Natsume, ingawa Natsume ndilo jina la ukoo, nalo hutangulia kwa desturi yao. Kwa hiyo katika orodha hapana budi kuchagua jina moja liwe kichwa, na chini yake kuonyesha majina mengine, ili atafutaye Hara Kei apelekwe kwa Hara Takashi, asirudi mikono mitupu.

Je, mtunza maktaba apate wapi usomaji wa kweli? Kwanza hufungua ukurasa wa mwisho wa kitabu. Huko, katika vitabu vya Kijapani, huwako sehemu iitwayo okuzuke, yenye jina la mwandishi, jina la mchapishaji na tarehe. Desturi hiyo ni ya zamani: mwaka 1722 serikali ya Edo iliamuru kwamba majina ya kweli ya mwandishi na mchapishaji yaandikwe mwishoni mwa kitabu, ili wajulikane wa kujibu neno likitokea. Amri iliyowekwa kwa kuwalinda watawala imekuwa msaada mkubwa kwa wenye maktaba. Katika vitabu vya siku hizi, mara nyingi okuzuke huonyesha matamko ya jina kwa hiragana. Isipoonyesha, mtunza hutazama orodha za Maktaba ya Taifa ya Bunge la Japani, iliyoanzishwa mwaka 1948, na kamusi za majina; na ikiwa mwandishi yu hai, aweza kumwuliza kwa barua.

Akiisha kulijua jina, yampasa kuliandika kwa herufi za Kirumi pia. Hapa yuko mtu ambaye wasomaji wa gazeti kama hili watapenda kumjua. James Curtis Hepburn alikuwa mganga na mmisionari kutoka Marekani, aliyefika Japani mwaka 1859. Mwaka 1867 alitoa kamusi ya Kijapani na Kiingereza, iliyochapwa Shanghai katika kiwanda cha misheni, na toleo la tatu la mwaka 1886 ndilo lililoeneza tahajia ijulikanayo hata leo kwa jina lake. Konsonanti huandikwa karibu kama za Kiingereza, na vokali kama za Kiitalia. Njia hiyohiyo ndiyo waliyoifuata wamisionari walioandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, kama Askofu Steere wa Unguja. Ndiyo maana Mswahili akiona maneno Fuji, Nagasaki au Hiroshima, huyasoma karibu sawasawa bila kufundishwa. Lakini mwaka 1937 serikali ya Japani iliamuru tahajia nyingine iitwayo Kunrei, ambayo kwayo "shi" huandikwa "si", "chi" huandikwa "ti", na "fu" huandikwa "hu". Basi mlima mmoja ukawa Fuji katika kitabu hiki na Huzi katika kitabu kile, na mtunza lazima azijue njia zote mbili. Tena vokali ndefu ni jambo la kuangaliwa sana: obasan ni shangazi, bali obaasan ni bibi mzaa mama au mzaa baba.

Shida nyingine ni kukata maneno. Kijapani huandikwa bila nafasi kati ya neno na neno, lakini herufi za Kirumi zataka nafasi. Watu wa Kiswahili wanaijua hoja hii: je, "nimekwambia" ni neno moja, au ni sehemu nne zilizoshikamana? Sisi tumekwisha kukubaliana. Kwa Kijapani hapana budi kuwa na kanuni. Kitabu mashuhuri cha habari za Genji huandikwa katika orodha "Genji monogatari", maneno mawili. Atafutaye neno moja "Genjimonogatari" aweza asikione. Wala herufi za Kirumi peke yake hazitoshi, kwa kuwa kagaku maana yake ni sayansi, na kagaku nyingine maana yake ni kemia. Sauti ni moja, alama ni mbali. Kwa hiyo orodha njema huwa na maandishi yote mawili. Zamani alama za asili ziliandikwa kwa mkono katika kadi. Tangu miaka ya 1980 maktaba za Marekani zimeweza kuzitia katika mitambo ya kompyuta.

Pia kuna hesabu ya miaka. Vitabu vingi huhesabu miaka kwa enzi za wafalme. Mwaka wa Meiji huongezewa 1867, wa Taisho 1911, wa Showa 1925, wa Heisei 1988, na wa Reiwa 2018. Hivyo Showa 20 ni mwaka 1945. Lakini vitabu vingine vya wakati wa vita vilihesabu tangu kutawala kwa mfalme wa kwanza wa masimulizi yao, na mwaka 2600 wa hesabu hiyo ni 1940. Asiyejua atadhani kitabu kimetoka katika siku zisizofika bado.

Huenda msomaji akauliza, Kuna faida gani kusumbuka hivi kwa jina moja? Jibu limo katika mambo yaliyotokea. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko la nchi lilileta moto katika Tokyo, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Kifalme ikateketea pamoja na vitabu vipatavyo 700,000. Vitabu vya kale vilivyokuwa vimekwisha kupelekwa nchi za mbali vilinusurika na moto ule. Asakawa Kan'ichi, Mjapani aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Yale na mtunza vitabu vyake vya Asia Mashariki tangu mwaka 1907, alikuwa amekusanya vitabu na nakala nyingi katika safari yake ya Japani ya miaka 1906 na 1907, kwa ajili ya Yale na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Tena baada ya vita, kati ya mwaka 1945 na 1949, wakubwa wa majeshi yaliyoikalia Japani walikagua maandishi yote yaliyochapwa. Ukaguzi ulipokwisha, mwalimu wa historia Gordon Prange alifanya shauri karatasi hizo zipelekwe Chuo Kikuu cha Maryland. Huko yamo majina ya majarida yapatayo 13,800, na ya magazeti ya habari yapatayo 18,000, pamoja na vitabu na vijitabu vipatavyo 71,000. Mengi ni ya vijiji, ya vyama vya wafanya kazi, ya shule na ya vijana, yaliyochapwa juu ya karatasi dhaifu ya siku za dhiki, na mengine hayapatikani tena Japani kwenyewe. Mjukuu atakaye kusoma shairi alilolitoa bibi yake katika jarida dogo la mwaka 1947, huenda akalipata Maryland peke yake. Na atalipata ikiwa mtu fulani, ambaye hakumjua bibi huyo, alikaa mezani akauliza kwa uvumilivu: Je, aliitwa Yuko, au Hiroko?

Hiyo ndiyo heshima ya kazi hii. Moto na maji huharibu vitabu, na uharibifu wake huonekana na watu wote. Lakini jina lililoandikwa visivyo hupoteza kitabu kimya kimya, wala hapana aliaye, kwa maana hapana ajuaye kwamba kimepotea.