Raba ya Usukani katika Kombi ya Zamani

Kati ya usukani anaoushika dereva na boksi la usukani lililofungwa chini ya gari, Kombi ya Volkswagen ina kiungio kimoja kidogo ambacho wamiliki wengi hawajapata kukiona. Ni kisahani cha raba iliyoshindiliwa pamoja na matabaka ya kitambaa kigumu, kinaenea kiganjani, na kina matundu manne. Juu yake kuna chuma chenye masikio mawili kilichofungwa mwisho wa nguzo ya usukani, na chini yake kingine cha namna hiyo kinacholibana shina la boksi. Masikio ya chuma cha juu hufungwa kwa boliti katika matundu mawili yanayotazamana, na ya chuma cha chini katika mawili yaliyosalia. Kwa mpangilio huo vyuma hivyo viwili havigusani. Kila anachotaka dereva, awe anakwepa shimo au anaingia kituoni, hupita ndani ya raba hiyo kwanza ndipo kifike kwenye magurudumu.

Raba iliwekwa hapo kwa makusudi. Hupunguza mtetemo wa barabara usifike wote mikononi mwa dereva. Tena nguzo hushikwa na bodi ilhali boksi limeshikwa na fremu, na gari refu likijinyonga kwenye njia mbovu viwili hivyo haviwi tena kwenye mstari mmoja. Chuma kitupu kingekatika au kingeng'oa beringi. Raba hukubali kupinda, na ndiyo maana huzeeka mapema kuliko vyote vinavyoizunguka.

Wazo la Kombi lilianza na mchoro wa Mholanzi Ben Pon mwaka 1947, na gari lenyewe likaanza kuundwa Ujerumani mwaka 1950. Toleo la pili, lile lenye kioo kimoja kipana mbele, liliundwa huko kuanzia 1967 hadi 1979, na Brazil ikaendelea kuliunda hadi Desemba 2013. Kombi nyingi ziligeuzwa nyumba za safari, zikatiwa kitanda nyuma, jiko la gesi na paa la kuinuka. Dereva wa Kombi huketi juu ya magurudumu ya mbele, kwa hiyo nguzo ya usukani hukaribia kusimama wima, hupenya sakafu na kukutana na boksi huko chini, mbele ya ekseli. Mkono wa boksi husukuma fimbo iendayo kwenye wenzo wa katikati ya ekseli, na kutoka kwenye wenzo huo tairodi mbili huelekea gurudumu la kulia na la kushoto. Viungo ni vingi, na kila kimoja kikilika kidogo dereva hupata jumla ya vyote.

Kiungio kilichokaa chini hivyo hupata taabu sana Kisauni, Mombasa. Gari linalolazwa Shanzu au Bamburi hupigwa na upepo wa bahari mwaka mzima, uwe wa kusi au wa kaskazi, na chumvi yake hutafuta kila mshono wa chuma. Mvua kubwa za Aprili na Mei huacha madimbwi katika njia za ndani za Mtopanga na Mjambere, na gurudumu la mbele hurusha maji hayo na matope moja kwa moja juu ya boksi. Kisha kuna safari za mbugani. Vani za watalii zinazotoka hoteli za pwani ya kaskazini kwenda Tsavo Mashariki hupita kwenye barabara za murram zenye mikunjo midogo isiyokwisha, na saa nzima ya mtikisiko wa aina hiyo huitesa raba kuliko wiki nzima ya lami. Jambo jingine halina uhusiano na hali ya hewa: Kombi hizi hazina usukani wa pawa. Dereva anayezungusha usukani gari likiwa limesimama, ili ajipenyeze katika nafasi finyu kando ya soko la Kongowea, huitia raba mzigo mkubwa kuliko wowote inaoupata njiani. Gari likitambaa hata kidogo mzigo huo hupungua sana.

Dalili ya kwanza ni mchezo. Usukani hugeuka kidogo bila magurudumu kuitikia, na gari likienda kasi dereva hujikuta akisahihisha kila mara, kulia, kushoto, hasa anapopishana na lori. Baadhi husikia mgongano mdogo chini ya miguu wanapobadilisha upande. Dalili nyingine hupuuzwa kwa sababu haifanani na tatizo la usukani: honi kunyamaza. Katika Kombi, umeme wa honi hukamilisha njia yake kupitia nguzo ya usukani, na kwa kuwa raba haipitishi umeme, kuna kipande cha waya kinachoiruka, upande mmoja hadi wa pili. Raba ikilegea waya huo huvutwa na kurudi hadi ukakatika. Honi inayolia usukani ukiwa wima na kukataa ukikatwa kona ni sababu tosha ya kulala chini ya gari na kutazama.

Kukagua hakuhitaji mashine. Kunahitaji watu wawili, tochi na subira. Gari huwekwa mahali tambarare, magurudumu yakiwa chini na yamenyooka, injini imezimwa. Mmoja huketi kwenye kiti na kuutikisa usukani kidogo tu, kiasi cha upana wa vidole viwili au vitatu kila upande, bila kukoma. Mwenzake huwa chini, na huanza juu kushuka. Huweka kidole gumba kwenye chuma cha juu cha kiungio na kidole cha shahada kwenye cha chini. Cha juu kikitangulia na cha chini kikifuata baadaye, ubovu ni wa raba au boliti zake. Vikienda pamoja, mkono huhamia kwenye shina la boksi na kwenye mkono wa boksi: shina likigeuka na mkono ukabaki, boksi limelika ndani. Mkono ukienda na wenzo wa katikati ukayumba juu na chini badala ya kuzunguka, bushi zake zimekwisha. Mwisho hushikwa vichwa vya tairodi, kimoja kimoja. Kidole kikiwa juu ya kichwa kilichokufa huhisi mgongano mdogo kila usukani unapobadilisha upande, hata kama jicho halioni kitu.

Utaratibu huu wa kushuka kutoka juu una maana kubwa, kwa sababu mahali pengi hufuatwa njia ya mkato. Boksi lina skrubu ya kurekebishia mchezo, iko wazi na bisibisi hufika. Fundi mwenye haraka huikaza, mchezo hupungua, mteja hulipa na kuondoka ameridhika. Lakini ikiwa mchezo ulikuwa wa raba, kilichofanyika ni kulibana boksi zima lifidie ubovu wa kipande cha bei ndogo. Meno yake huanza kusagana yakiwa makavu, usukani huwa mzito katikati na haurudi wenyewe baada ya kona. Boksi la Kombi ni ghali na kulipata ni kazi. Skrubu hiyo isiguswe mpaka kila kiungo kingine kiwe kimethibitishwa kuwa kizima.

Kiwango cha mchezo unaovumilika hutofautiana. Katika ukaguzi wa kila mwaka nchini Uingereza, gari lenye boksi la usukani hukataliwa mchezo ukizidi milimita 75 kwenye ukingo wa usukani wenye kipenyo cha sentimita 38, na lenye reki badala ya boksi hukataliwa ukizidi milimita 13. Hiyo ni mipaka ya kulizuia gari barabarani. Kombi iliyotunzwa hukaa mbali nayo. Hapa Kenya magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa na mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, mara moja kwa mwaka, na usukani ni miongoni mwa vinavyotazamwa, lakini mwaka ni muda mrefu kwa raba iliyokwisha kupasuka.

Spea zipo, na Kombi ina bahati katika hilo, maana Brazil iliendelea kuiunda hadi 2013. Mafundi wa pwani wasipopata mjini Mombasa huagiza kutoka maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi. Tatizo ni ubora. Raba iliyokaa rafuni miaka mingi huwa imekauka hata kama haijawahi kufungwa. Ikipindwa kwa vidole huonyesha nyufa nyembamba ukingoni, na hiyo irudishwe. Itazamwe pia upande wa ukingo: matabaka ya kitambaa yaonekane. Raba tupu isiyo na kitambaa ndani itachanika kwenye matundu. Vipo visahani vya plastiki ngumu vya rangi nyekundu, ambavyo hudumu na kuupa usukani wepesi wa kuitikia, ila hupitisha mtetemo zaidi, jambo linalochosha mikono kwenye murram.

Na kuna vile vya kukatwa gerejini, kutoka ukuta wa tairi au mkanda wa mtambo. Ufundi wa jua kali umeokoa magari mengi nchini, na bushi ya tairi kuukuu mahali pasipo na hatari ni akili nzuri. Kwenye usukani haifai hata kidogo. Tairi haikusukwa ili ivutwe kwenye matundu manne, na matundu yaliyotobolewa kwa mkono hayalingani, kwa hiyo boliti moja hubeba mzigo wa nne. Vivyo hivyo kulehemu: chuma cha usukani kilichopigwa moto hupoteza ugumu wake, kisha hukatika ghafla bila kutoa onyo.

Kazi yenyewe huanza usiku uliotangulia. Boliti zenye kutu hupigwa mafuta ya kulegeza kutu na kuachwa hadi asubuhi, kwa sababu zikilazimishwa hukatika. Betri huchomolewa. Magurudumu hunyooshwa, usukani huwekwa katikati, kisha sehemu ya mbele huinuliwa na kuegemezwa kwenye stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu atakayelala chini. Bati la kukinga matope likiwapo hufunguliwa. Hatua inayofuata hurukwa na wengi: kutia alama ya rangi inayopita kwenye shina la boksi na chuma kinacholibana, na nyingine kwenye nguzo na chuma chake. Meno ya shina ni madogo na mengi. Kuruka jino moja wakati wa kurudisha kunatosha kufanya usukani ukae kombo gari likienda mbele moja kwa moja.

Nati nne zikifunguliwa na nguzo ikalegezwa vishikio vyake ili isogee juu kidogo, raba ya zamani hutoka. Mara nyingi huwa imegeuka umbo: matundu yaliyokuwa duara yamekuwa mayai, na vitambaa vimetoka nje kwa nyuzi. Huu ndio wakati wa kusafisha meno kwa brashi ya waya na kuyatazama kwa tochi. Meno yaliyolika au kupinda hayatibiwi na raba mpya. Grisi kidogo kwenye meno huzuia kutu ya chumvi. Raba yenyewe isipakwe, kwani grisi na oili huilainisha na kuivimbisha.

Mahali pa kuwa mwangalifu kuliko pote ni boliti inayobana chuma cha chini kwenye shina. Shina lina mfereji mdogo uliochongwa kwa upande, na boliti hiyo hupita ndani ya mfereji. Ikiwa chuma hakikuingia hadi mwisho, boliti hugusa ukingo tu. Hukazika, huonekana sawa, na gari hutoka gerejini. Lakini hapo kinachoshikilia ni mbano pekee, na siku mbano ukilegea shina linaweza kuchomoka na usukani ukazunguka bure. Dawa ni kuiingiza boliti kwa vidole kabla ya kushika spana. Ikipita bila kulazimishwa, imo mferejini.

Boliti na nati ziwe mpya, za chuma kigumu chenye alama ya 8.8 kichwani au zaidi, na nati ziwe za kujifunga zenyewe au zenye bati la kukunja. Zikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari kwa spana ya kupimia nguvu. Zikizidishwa raba hubanwa ikakatika kutoka ndani. Waya wa honi hurudishwa mahali pake, ukiachiwa ulegevu wa kutosha usivutike. Kisha, magurudumu yakiwa bado juu, usukani huzungushwa hadi mwisho kulia na hadi mwisho kushoto huku mtu akitazama kama kuna kinachogusa fremu au bomba la breki.

Vani nyingi za Kijapani, zilizochukua nafasi ya Kombi katika utalii na matatu, hutumia krosi za chuma zenye beringi ndogo za sindano mahali pa raba. Chumvi huziua kwa namna nyingine: badala ya kulegea hukwama. Usukani huwa mzito na kuwa mwepesi mara mbili katika mzunguko mmoja, na dereva hudhani pawa imekwisha. Krosi iliyoanza kukwama hubadilishwa. Kuilowesha oili huipa wiki chache tu.

Kubadilisha raba hakubadilishi mkao wa magurudumu, kwa hiyo Kombi haihitaji alaimenti isipokuwa tairodi nazo zimeguswa. Inachohitaji ni jaribio la polepole kwenye barabara isiyo na watu kabla ya kuingia barabara ya Malindi, na spana kurudi kwenye boliti zile baada ya kilomita mia chache, raba ikishajikalia. Baada ya hapo kiungio hutazamwa kila gari linapotiwa grisi, na kila linaporudi kutoka mbugani.