Walaji wa Methani Hawana Haraka

Laiti methani yote inayozaliwa chini ya sakafu ya bahari ingefika angani, hali ya hewa tunayoijua isingekuwepo. Katika miaka 20 ya kwanza baada ya kutoka, gesi hiyo hunasa joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Na bahari haina upungufu wa methani. Vijidudu huitengeneza vinapovunja masalia ya mimea na wanyama yaliyofukiwa kwenye mashapo. Nyingine hupanda kutoka kwenye akiba za mafuta na gesi zilizo chini zaidi. Na penye baridi na mgandamizo mkubwa hukaa imefungwa ndani ya barafu, barafu ya ajabu ambayo ukiiwashia kiberiti inashika moto. Hata hivyo, ukiitazama orodha ya vyanzo vya methani ya angani, utakuta ng'ombe, mashamba ya mpunga, ardhi oevu, majalala na visima vya mafuta viko mbele. Bahari iko nyuma sana. Kinachoizuia gesi hiyo njiani ni viumbe hai. Viumbe hao, kama matokeo ya utafiti wa miaka 25 iliyopita yanavyoonyesha, wana mwendo wao na mipaka yao, na anayewategemea wafute makosa ya haraka ya binadamu anawatwisha kazi wasiyoiweza.

Kwa muda mrefu wanakemia wa bahari walisumbuliwa na fumbo moja. Walipopima mashapo tabaka kwa tabaka, waliona methani ikipanda kutoka chini kisha ikitoweka kabla ya kufika penye oksijeni, ilhali methani haivunjiki kwa urahisi bila oksijeni. Mwaka 2000 Antje Boetius, mwanasayansi wa Ujerumani, pamoja na wenzake, walichapisha picha za hadubini za mashapo kutoka Hydrate Ridge, tuta lililo chini ya bahari nje ya pwani ya Oregon, Marekani. Picha hizo zilionyesha vifungu vya seli: katikati arkea, viumbe wa seli moja wanaofanana na bakteria lakini wa ukoo mwingine, na kuwazunguka bakteria wanaotumia salfeti ya maji ya bahari mahali pa oksijeni. Arkea huvunja methani, na bakteria huupokea mzigo wa kemikali ambao arkea peke yao wasingeweza kuutua. Inakadiriwa kwamba ushirika wa aina hii hula hadi asilimia 90 ya methani inayozalishwa kwenye mashapo ya bahari. Lakini nishati wanayopata ni haba mno, na haba hiyo wanagawana wawili. Ndiyo maana seli zao huchukua miezi kujigawa mara moja, wakati bakteria wa tumboni mwetu, wakishiba, hujigawa ndani ya dakika 20 hivi. Mwendo huu wa polepole ndio kiini cha mambo yote yanayofuata.

Makombo ya walaji hawa yanalisha wengine. Salfeti ikishatumika hubaki salfaidi ya haidrojeni, ile gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo kwetu ni sumu na kwa bakteria fulani ni chakula. Katika Ghuba ya Mexico, minyoo ya mirija isiyo na mdomo wala utumbo hufuga bakteria hao ndani ya miili yake na kuishi kwa jasho lao. Baadhi ya minyoo hiyo huvuka umri wa miaka 200. Pembeni yao kuna kome ambao matamvua yao yamejaa bakteria wanaokula methani yenyewe. Mwaka 1997 watafiti waliokuwa ndani ya nyambizi ndogo walikuta hata minyoo ya rangi ya waridi imejichimbia vishimo kwenye barafu ya gesi. Kaboni inayobaki nayo hugeuka mawe ya chokaa, na juu ya mawe hayo hushika matumbawe ya maji baridi. Kuna mfumo mzima wa ikolojia hapo, gizani, umejengwa juu ya mvujo mdogo usiokatika. Ukiuongeza ghafla mvujo huo haina maana kwamba umewaongezea chakula. Huenda umewavunjia nyumba.

Mwanasayansi aliyelipima jambo hili kwa ukaribu kuliko wengi ni Samantha Joye wa Chuo Kikuu cha Georgia, aliyekuwa akichunguza mivujo ya Ghuba ya Mexico miaka mingi kabla ya dunia kuitazama. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka, watu 11 wakafa, na kisima kilichokuwa chini ya maji ya kina cha mita 1,500 hivi kikamwaga mafuta na gesi kwa siku 87. Kamera za televisheni zilifuata utando wa mafuta juu ya maji na ndege waliolowa. Joye na wenzake walisisitiza kwamba sehemu kubwa ya habari ilikuwa chini, kwenye kina cha mita 1,000 na zaidi, ambako wingu la mafuta laini na gesi iliyoyeyuka lilikuwa likisambaa bila kupanda. Mkuu wa wakati huo wa BP, kampuni yenye kisima hicho, alikana hadharani kuwepo kwa mawingu hayo. Vipimo vya serikali ya Marekani baadaye vilithibitisha kwamba yalikuwepo. Joye na wenzake waliandika mwaka 2011 kwamba gesi iliyotoka huenda ilifikia tani 500,000, na kwamba katika baadhi ya sampuli methani ilizidi kiwango cha kawaida kwa mara 75,000.

Hapo likaja pingamizi zito, na linastahili kusikilizwa. Mwaka huohuo wa 2011, John Kessler na wenzake walitangaza katika jarida la Science kwamba walipopima maji ya kina kuanzia Agosti 2010 hawakuikuta methani ile. Walikuta oksijeni imepungua. Kwa kuwa kila molekuli ya methani huhitaji molekuli mbili za oksijeni ili iungue kabisa, walipiga hesabu na kuhitimisha kwamba bakteria waliimaliza karibu yote ndani ya siku 120 hivi. Kama ni kweli, wasiwasi wote huu una faida gani? Bahari imejisafisha. Joye na wenzake hawakukubali. Oksijeni iliyopungua ni kama sufuria tupu: inakuonyesha kwamba chakula kimeliwa, haikuonyeshi nani amekila. Ethani, propani na mafuta yenyewe nayo hutumia oksijeni, na utafiti mwingine wa Juni 2010 ulikuwa umeonyesha kwamba propani na ethani ndizo zilizoliwa kwanza. Isitoshe, maji ya ghuba hayatulii. Wingu lililopimwa Agosti si lazima liwe lile la Mei. Mwaka 2014 timu aliyokuwamo Joye ilichapisha mfululizo wa vipimo vya kasi ya ulaji wenyewe. Kasi ilipanda haraka mwezi Mei na Juni, kisha ikaporomoka kuelekea mwisho wa Juni, wakati kisima kilikuwa bado kinamwaga. Walaji walijitokeza kweli, tena kwa wingi, halafu wakaacha kula na chakula kingali mezani. Naiona hoja hii kuwa na nguvu zaidi, kwa sababu inapima kitendo chenyewe badala ya kukikisia kutokana na alama zake. Na ikumbukwe kwamba hawa walikuwa walaji wa kwenye maji yenye oksijeni, walio wepesi kuliko binamu zao wa matopeni.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili: wapo wanaosema nimepunguza hatari, kwamba barafu ya gesi itayeyuka kwa joto la dunia na kulipuka kama bomu. Ushahidi hauwaungi mkono. Ripoti ya jopo la kimataifa la hali ya hewa, IPCC, ya mwaka 2021, iliona uwezekano huo kuwa mdogo sana katika karne hii. Joto huchukua karne nyingi kupenya hadi kwenye barafu iliyofukiwa kwenye kina kirefu, na methani inayotoka taratibu hupita mikononi mwa walaji wake, huku mapovu yanayoanzia mamia ya mita chini yakipoteza methani yao majini kabla ya kufika juu. Palipo na kina kifupi, kama kwenye bahari ya Siberia ya Mashariki, tahadhari ni ya haki. Hata Ziwa Kivu, lenye takriban kilomita za ujazo 60 za methani katika maji yake ya chini, hutoa gesi kidogo tu angani siku za kawaida, kwa sababu inayopanda taratibu huliwa inapokutana na oksijeni. Kwa hiyo mashaka yangu hayako kwenye bahari iliyoachwa na mwendo wake. Yako kwenye kisima.

Na visima vimeshafika kwetu. Tanzania imetangaza akiba ya gesi asilia ya takriban futi za ujazo trilioni 57, sehemu kubwa ikiwa chini ya bahari kuu, na kiwanda cha kuisindika kimepangwa kujengwa Lindi. Ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji imekuwa ikiuza gesi ya mtambo wa Coral Sul tangu 2022, kutoka maji ya kina cha mita 2,000 hivi. Sehemu kubwa kabisa ya gesi hii ni methani, bila mafuta mazito ya kuandamana nayo. Ajali ya aina ya Deepwater Horizon katika eneo hili isingeacha utando mweusi juu ya maji wala ndege waliolowa. Mvuvi wa Mtwara angeweza kupita na mashua yake asione kitu. Kilichomwezesha Joye kubishana na kampuni kubwa na hata na wanasayansi wenzake ni kwamba alikuwa na vipimo vya ghuba ileile kutoka miaka iliyotangulia: methani kiasi gani ni ya kawaida, oksijeni kiasi gani, bakteria wanakula kwa kasi gani. Kwetu vipimo hivyo vingelazimika kuchukuliwa wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, kwa kuwa mikondo hubadilika, katika kina cha mita 1,000 hadi 2,500 ambako chombo cha kuchotea maji huhitaji meli yenye winchi ndefu. Vingelazimika pia kubaki mikononi mwa taasisi ya umma, ili siku ya mabishano kampuni inayochimba isiwe ndiyo peke yake yenye takwimu.