Miti ilitoka Shimba Hills, ujuzi ukabaki ng'ambo

Miongoni mwa dawa zinazotumiwa leo kupambana na saratani ya matiti imo moja ambayo nasaba yake yapitia katika vilima vya Shimba, huko Kwale. Ni haki ya wananchi kuijua habari hiyo. Kila mara twahimizwa tuitunze misitu kwa kuwa ni hazina ya dawa, ilhali hatuelezwi hazina hiyo hufunguliwa vipi, wala funguo zake zimo mikononi mwa nani.

Mnamo 1972, mkemia wa Marekani, S. Morris Kupchan, pamoja na wenzake walitangaza kwamba wamepata kemikali mpya katika mti wa jamii ya Maytenus uliotoka Ethiopia. Waliiita maytansini. Kemikali hiyo huizuia seli isigawanyike, na kiasi kidogo mno chatosha kuiua. Taabu ni kwamba miti yenyewe ni bahili: mavuno ya kilo nzima yalihesabiwa kwa miligramu. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilipohitaji kiasi cha kutosha kwa majaribio, iligeukia mti mwingine wa ukoo huo, Maytenus buchananii, unaomea Shimba Hills. Katika miaka ya 1970 zaidi ya tani 27 zilikusanywa huko. Wakusanyaji waliporudi baada ya miaka michache kutafuta shehena nyingine walipata shida kubwa, kwa maana miti haikuwa imechipuka vya kutosha.

Na matokeo yalikuwa nini? Wagonjwa waliopewa maytansini walitapika, wakaharisha, na wengine wakapata maumivu ya neva. Sumu ile haikujua kubagua seli mbovu na seli nzima. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 majaribio yalikuwa yameachwa, na msitu ulikuwa umekatwa bure.

Hata hivyo wakemia hawakukata tamaa. Mnamo 1977 watafiti wa Japani walikuwa wamegundua bakteria anayetengeneza kemikali zinazofanana sana na maytansini. Bakteria hahitaji shoka: hulishwa ndani ya pipa kiwandani, akazaana, nayo kemikali ikakamuliwa. Kutokana na kemikali hizo wakemia waliunda sumu iliyofungwa kwenye kingamwili, protini inayoitambua seli ya saratani kwa alama iliyo juu yake. Kingamwili huibeba sumu mpaka ndani ya seli hiyo, nazo seli nyingi zilizo nzima zikasalimika. Dawa hiyo, trastuzumab emtansine, iliidhinishwa Marekani mnamo Februari 2013. Kinachochekesha ni kwamba utafiti wa baadaye ulionyesha kuwa hata katika miti ya ukoo ule, wanaoitengeneza maytansini ni bakteria waishio mizizini. Mti ulikuwa mwenye nyumba tu. Mpishi alikuwa mpangaji.

Wako watakaosema kwamba basi mambo yamekwisha vyema: kemia imeuokoa msitu, na mgonjwa amepata dawa. Nusu ya hoja hiyo naikubali kwa moyo mkunjufu. Kemia isiyotegemea kufyeka miti ndiyo kemia tunayoitaka, na gome la mti ambao Wakikuyu huuita muiri, lililobanduliwa Afrika kwa miaka mingi kwa ajili ya dawa ya tezi ya kiume, latosha kutuonyesha hasara ya njia ile nyingine. Mti huo uliwekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa CITES mwaka 1995.

Lakini nusu ya pili ina walakini. Kazi inapohamia kwenye pipa la kiwandani, msitu huponea na papo hapo hufutwa katika daftari la hesabu. Imeandikwa kwamba Wadigo waliutumia mti ule kwa tiba tangu zamani. Wakati tani zile zinaondoka hapakuwa na sheria ya kimataifa iliyompa mwenyeji haki ya kugawiwa faida, maana Mkataba wa Bayoanuwai ulitiwa saini 1992 tu. Aidha, si miti pekee iliyosafiri. Bakteria aliye chanzo cha akabosi, dawa ya kisukari, alitolewa katika udongo wa shamba la kahawa karibu na Ruiru mwaka 1970, akapelekwa Ujerumani. Udongo ulijaa kiganjani. Hakuna askari wa misitu ambaye angeuzuia.

Leo tuna kanuni za mwaka 2006 kuhusu kugawana faida, tuna Katiba ya 2010 inayotaja ujuzi wa jamii katika kifungu cha 69, na tuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Karatasi hatukosi. Kanuni, hata hivyo, humlinda anayejua alicho nacho, na atakayejua ni yule mwenye maabara ya kutenga kemikali, kuipima na kuisoma umbo lake. Wizara ikitenga fedha za misitu, itenge pia za KEMRI na vyuo vikuu, ili bakteria wa udongo na mizizi ya Shimba wakusanywe, waorodheshwe na kuhifadhiwa humu nchini, na majina ya wazee walioonyesha miti yaandikwe pamoja nao siku ile ile, kabla kijibomba cha kwanza hakijapanda ndege.