Gudulia la Malling na Asili Yake

Katika kanisa la West Malling, jimboni Kent, Uingereza, palikuwa na gudulia dogo la kunywea lililovikwa fedha, ambayo alama yake ni ya mwaka 1581. Kwa hilo magudulia yote ya namna hiyo, yenye tumbo la mviringo na mkono mmoja, huitwa ya Malling.

Udongo wake umepakwa utando wa kioo cha risasi uliochanganywa na bati. Bati ndilo liuzuialo utando usipenye nuru. Ufundi huo ulisitawi Iraki katika karne ya 9, ukafika Hispania, Italia, na baadaye Antwerp. Vigae vya vyombo vya Iraki vya kazi hiyo vimefukuliwa hata Manda na Shanga.

Wengi walidhani kuwa gudulia hilo lilifinyangwa Uingereza. Lakini alama ya fedha ni shahidi wa mfua fedha, si wa mfinyanzi; na jina la Malling laonyesha lilikoonekana, si lilikofanyizwa. Jasper Andries na Jacob Jansen, wafinyanzi wa Antwerp, walifika Norwich mwaka 1567, na mwaka 1570 walimwandikia Malkia Elizabeth I kwamba wao ndio wa kwanza kuuleta ufundi huo nchini mwake. Nayo yako magudulia ambayo fedha yake yatangulia mwaka 1567. Uchunguzi wa kikemia wa udongo wa baadhi yake nao waelekea Antwerp. Basi tarehe ya vazi isichukuliwe kuwa nasaba ya mvaaji.